Kikombe cha Buluu Kwenye Bango

Nyumbani wananiita Kiherehere, na siku ya uzinduzi nililistahili jina hilo kuliko siku zote. Kukaa hakukukalika. Viti nilivipanga, nikavipangua, nikavipanga tena. Kipaza sauti nilikijaribu mpaka fundi wa vyombo akaninyang'anya.

Kaka yangu alikuwa anafungua shirika lake lisilo la faida, la kupeleka maji safi kwenye nchi zinazoendelea. Nchi, jamani, si mtaa! Na bomba la jikoni kwetu lenyewe hukohoa weee ndipo liteme maji. Nilimwambia hivyo, akacheka tu. Ni injinia wa maji na tunamwita hivyo hivyo, Injinia. Tangu aanze jambo hili sebule ya Mama imekuwa ofisi: mabomba kwenye kochi, vichujio chini ya meza, printa juu ya kabati la vyombo. Mama huifuta vumbi ile printa pamoja na sahani zake, wala hanung'uniki.

Kilichoniweka roho juu ni hotuba.

Injinia ana hotuba moja anayoitoa kila anapokwenda kuonana na wafadhili, huko mbali, kwa lugha ya wageni. Katikati yake yumo mdogo wake aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Mama ametuambia siku zote kwamba mtoto alikufa kwa homa. Ukiuliza zaidi, anakumbuka ana nguo za kuanua. Injinia alipokuwa mtu mzima alimbana shangazi, naye akamsimulia: kutapika, kuhara, mtoto kukauka kati ya asubuhi na jioni. Hapo akajua mwenyewe kuwa ni maji. Basi kwenye hotuba husema: "Mama yangu aliyachota kwa mikono yake maji yaliyomuua mwanawe, na mpaka leo hajui." Watu hulia.

Sasa siku hiyo Mama ndiye mgeni wa heshima, mstari wa mbele, na hotuba ni kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Kaka, nakuomba, sehemu ile iruke," nilimwambia asubuhi, yeye anafunga tai mbele ya kioo.

"Nitairuka."

"Apa."

"Kiherehere, nimesema nitairuka! Hebu niache nipumue."

Mama alifika na gauni lake la sherehe, mkoba kifuani, akasimama mbele ya bango. Injinia alikuwa amemficha lile bango makusudi, amshangaze. Lilikuwa na jina la shirika, Kikombe Safi, na chini yake picha ya kikombe cha bati cha buluu, kimebonyea ubavuni. Ni kile kinachoning'inia kwenye msumari jikoni kwetu, ambacho hakuna aliyewahi kuruhusiwa kukinywea. Kilikuwa cha marehemu, ndivyo tulivyojua.

"Hata kilipobonyea amepakumbuka," Mama alisema polepole, akaenda kukaa.

Ningetulia, lakini mfadhili mkubwa, mama mmoja mwenye miwani, alimwinamia Injinia kabla hajapanda jukwaani. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Usisahau ile ya mdogo wako. Wageni wangu wameifuata hiyo." Nikamtazama kaka. Kaka akatazama viatu vyake. Nikajua kwisha habari.

Nikamkimbilia Mama. "Mama, twende nje ukapunge upepo."

"Upepo si huu hapa?"

"Basi nikupeleke msalani."

"Ala! Tangu lini nikawa wa kupelekwa msalani?" Waliokaa nyuma wakaangua kicheko.

Injinia akaanza. Akashukuru, akaeleza vichujio, akaeleza visima, kisha sauti ikalegea. Naijua ile sauti. Nikapita nyuma ya jukwaa nikachomoa waya wa spika. Haya! Sikio la kufa halisikii dawa: kaka yangu amezoea kuwapigia kelele mafundi walio ng'ambo ya mtaro. Aliweka kipaza sauti chini akapaza sauti yake mwenyewe, na ukumbi mzima ukasikia, mpaka wapishi. "Mama yangu aliyachota kwa mikono yake..."

Alimaliza. Watu wakapiga makofi na kufuta machozi. Mama akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimkuta kwenye tangi la maji, nyuma ya ukumbi. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Nilimkataza, Mama, akaniahidi! Usiyaweke moyoni. Hukujua."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mwaka ule ugonjwa ulikuwa umeingia mitaani, nani hakujua? Maji ya kunywa nilikuwa nachemsha kila siku. Siku ile niliyaacha mezani, kwenye sufuria, yamefunikwa. Ya ndoo yalikuwa ya kufulia." Aliongea huku ananing'oa uzi kwenye bega la gauni langu. "Nikatoka uani kuanika nguo. Narudi, kaka yako huyo mbio kunipokea, kifua mbele, kikombe cha buluu mkononi. 'Mama, mtoto alilia kiu, nimempa maji mwenyewe!' Meza ilikuwa ndefu kwake. Ndoo ilikuwa chini."

Niligeuka nikautazama mlango wa ukumbi.

"Hakumbuki," alisema. "Na mimi nilimsifu, mwanangu. Sikuwa nimeona kuwa sufuria haijaguswa. Nilimwambia vizuri sana, baba, umemjali mdogo wako. Sasa ningekuja kumwambia nini baadaye? Nikasema homa."

"Lakini anazunguka dunia nzima anasema ni wewe!"

"Mwache aseme. Bora iwe mimi." Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Na wewe na kiherehere chako, hili ulimeze."

Mlango ukafunguliwa. Injinia alitoka ameloa jasho, macho mekundu. "Mama, nisamehe. Waliniomba, nikashindwa. Umekasirika?"

"Nikasirike kwa lipi? Umesema vizuri. Koo tu limenikauka."

Uso wa kaka yangu ulifunguka kabisa. "Una kiu? Subiri, nakuletea mwenyewe!" Akarudi ndani mbio, injinia mzima na tai yake. Alikuwa amewatengenezea wageni vikombe vya zawadi, vya bati, vya buluu. Akatoka na kimoja kimejaa pomoni, anakibeba kwa mikono miwili, kifua mbele.

Nilitaka kukipiga kikombe kile kimwagike. Mama alinitazama, nikatulia.

Alikipokea, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Vizuri sana, baba," akamwambia. "Umenijali."