Gitaa la Upande wa Kulia

Msusi alikuwa na saluni sebuleni na studio chumbani. Kuiita studio ni kuipa heshima tu: kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, spika mbili, na blanketi zito lililofunika dirisha ili honi za barabarani zisiingie. Humo ndimo alimomrekodi baba yake akipiga gitaa na mumewe akipiga kinanda, kisha akaimba mwenyewe. Wimbo ulikuwa wa mzee. Aliutunga alipokuwa akimchumbia mama wa msusi, na haukuwahi kurekodiwa.

Msusi aliupanga kwa uangalifu. Sauti yake aliiweka katikati, kinanda akakisogeza kushoto na gitaa kulia, kila kimoja kipate nafasi yake. Siku ya kumsikilizisha baba yake, alimkalisha kitini na kumvalisha hedifoni.

Mzee alianza kwa kutabasamu, lakini kabla ya kiitikio tabasamu lilikuwa limeyeyuka. Alisikiliza hadi mwisho, akamsifu bintiye kwa kuimba, akamsifu na mkwewe kwa kinanda. Kisha akasema taratibu, "Kama gitaa langu halikufaa, mwanangu, ungeniambia tu."

Msusi akashangaa. Alizivaa hedifoni, akalisikia gitaa wazi kabisa. Akamrudishia baba yake aendelee kusikiliza, ila kwa haraka akamvalisha kinyume, ya kulia sikio la kushoto. Uso wa mzee ukachangamka.

"Hapo sawa," akasema. "Umelirudisha. Lakini mkwe wangu naye umempeleka wapi?"

Msusi alivuta kigoda akakaa karibu naye, upande wa kushoto, akamuuliza sikio la kulia limeacha kusikia tangu lini. Mzee akatazama mlango kwanza. Miaka mingi, akakiri. Kelele za mashine ya kusaga aliyokuwa akiiendesha ndizo zilizolimaliza. Akamwomba asimwambie mama yake. Hakutaka kuanza kupigiwa kelele ndani ya nyumba yake kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Msusi akaanza upya. Alivirudisha vyote katikati, na vyote vikakanyagana: gitaa na kinanda vilikuwa vikisemea mahali pamoja kama wateja wawili wanaogombea kiti kimoja. Akapunguza uzito wa gitaa kwenye noti nzito ili kinanda kipumue, akashusha sauti ya kinanda chenyewe, bado hakuridhika. Mwishowe akamwomba mumewe akipige upya, noti chache, pale tu mwimbaji anapovuta pumzi.

"Yaani mimi nimebaki wa kuitikia?" mume akalalamika.

"Katika ndoa hii umeshazoea," msusi akasema, na yule bwana akacheka huku akivuta kinanda chake.

Jumapili wazee wote wawili walikuja. Safari hii mzee alivaa hedifoni akafumba macho, na vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha aliomba urudiwe. Msusi akamwachia chumba, akaenda jikoni kumsaidia mama yake kuosha vikombe.

"Naona leo umevifikisha vyote kwenye sikio lake la kushoto," mama akasema, bila kuinua macho.

Msusi nusura adondoshe kikombe. "Kumbe unajua, Mama?"

"Mtu nalala naye, nisijue? Tangu lini umeniona nikikaa kulia kwake?" Akasuuza kikombe kingine. "Anaona aibu. Basi nami namwacha aone kuwa amenificha. Wewe usimwambie."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mzee akiimba kwa nguvu, kama wanavyoimba wenye hedifoni masikioni, akitoka kidogo nje ya tuni. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuketi kando yake.