Kinyonga wa Mwalimu Anselme

Mume wangu Anselme alifundisha biolojia hapa Bunia, na katika yote aliyofundisha, jambo moja halikumwingia mtu: kwamba kinyonga hana sumu. Siku aliyompeleka darasani juu ya tawi, nusu ya wanafunzi walitoroka kupitia madirishani.

Kinyonga huyo aliishi kwenye mti wa avoka, nyumbani kwetu Nyakasanza. Alikuwa wa kijani, hakuzidi kiganja, vidole vimegawanyika pande mbili kama koleo, mkia umejikunja. Jicho moja lilitazama jikoni, lingine barabarani. Kabla ya kupiga hatua aliyumba kama jani, lakini ulimi wake ulimfikia nzi kabla hujaona. Chini alishuka tu kufukia mayai. Rangi yake, Anselme alisema, hufuata jua, baridi na hasira. Mwaka ule wa 2003 mji ulibadilisha watawala haraka kuliko yeye rangi.

Jirani yetu, mama Véronique, alikuja na Biblia na panga.

"Mwalimu, kata hii muti. Ile nyama ya kubadilisha rangi itatuletea kifo."

"Mama, kifo iko inakuja na bunduki. Hii inakula nzi tu."

Mwezi wa tano wapiganaji wakaanza kuingia nyumba kwa nyumba, wakitafuta vijana wa kabila letu. Tukamficha mdogo wangu Fiston darini. Asubuhi moja watatu wakafungua lango. Anselme alikuwa chini ya mti. Akamchukua kinyonga, akamweka begani, akaja kusimama mlangoni.

Wawili wakarudi barabarani mara moja. Wa tatu akabaki. Alikuwa Ushindi, mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, si weye ulitufundisha kwamba haina na sumu?"

Juu yangu ubao wa dari ulilia kidogo.

"Ulipata ngapi mu egzamini yangu?" Anselme akauliza.

"Tatu juu ya kumi."

"Na ile tatu ndiyo unataka kuingia nayo?"

Wenzake wakacheka kule barabarani. "Ushindi, toka. Huyu muzee ni mulozi, atatuloga."

Kinyonga akaanza kuwa mweusi. Ushindi akarudi kinyumenyume, bunduki yake mkononi. Wakaenda kwa mama Véronique, wakabeba godoro na sufuria.

Fiston akashuka mzima. Jioni mama Véronique akaja, safari hii bila panga.

"Mwalimu, kesho unaweza kutuazima?"

"Kuazima nini?"

"Weye unajua."

Anselme akamweleza kwamba mnyama hana nguvu yoyote, hofu ni yao wenyewe. Mama Véronique akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa, kama mtu anayekubali kutunza siri. Mtaa wote ukaamini kama yeye. Kadiri mume wangu alivyoeleza, ndivyo walivyomwona mlozi mwenye adabu. Wazazi wakawatoa watoto darasani kwake.

Alikufa mwaka uliofuata kwa homa ya matumbo, kitandani, mji ukiwa umetulia kidogo. Siku ya maziko majirani walisimama ng'ambo ya barabara. Mama Véronique aliacha sahani ya maharage langoni, akauliza kwa sauti ya chini kama yule mnyama atazikwa pamoja naye.

Kaburi alilichimba Fiston, peke yake. Wengine hawakukubali kugusa udongo wa mlozi.