Donge Lililookwa

Mtaa mzima ulimwita Jogoo, kwa sababu aliamka kabla ya majogoo wenyewe. Alikuwa mwokaji mikate, mwana wa mwokaji mikate, na tangu ujana wake hakuwahi kulala usiku kama watu wengine wanavyolala. Wenzake walipokuwa wakivuta shuka, yeye alikuwa akifunga aproni. Mchana alijiegesha kidogo kwenye kiti cha nyuma ya duka, akakoroma, akashtuka, akaendelea na kazi. Akiambiwa apumzike, alicheka.

"Usingizi ni kazi ya wasio na kazi," alisema, na wateja wakacheka pamoja naye.

Mkewe, ambaye kila mteja alimwita Mama, alizoea kitanda chenye upande mmoja wa baridi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye baada ya shule alikataa kwenda kokote na kuomba kujifunza kukanda. Baba yake alimkubalia kwa masharti mengi na furaha aliyoificha vibaya.

Usahaulifu ulianza kwa mambo ya kuchekesha. Siku moja fundi viatu, jirani yao, alirudi dukani akiwa na kipande cha mkate mkononi.

"Jogoo, leo umetutilia bahari nzima humu!"

"Kunywa maji, uache maneno."

"Nimekunywa. Sasa nasikia mawimbi tumboni."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka, kwa kuwa mkate wa jana yake pia alikuwa ameuonja, nao haukuwa na chumvi hata chembe. Baadaye alimkuta mumewe amesimama kwenye ukumbi wa nyumba yao, akiuliza kwa hasira ni nani aliyehamisha mlango wa bafu. Hapo Mama alivaa nguo zake za kutokea, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye macho ya mtu aliyechoka. Alipima presha, akapima tena, kana kwamba haamini kipimo chake.

"Baba, dawa za presha ulizopewa zamani unazinywa?"

"Nazinywa kichwa kikiniuma."

"Na kichwa kinakuuma lini?"

"Nikikumbuka kwamba sijazinywa."

Daktari alitabasamu, ila hakuacha kuandika. Alimgeukia Mama, na Mama akaeleza yote: jinsi mumewe anavyokoroma mchana hadi sahani za kabatini zinaitikia, kisha kimya kinaingia, kifua hakipandi wala hakishuki, mpaka yeye amsukume bega ndipo pumzi irudi kwa kishindo.

Picha ya ubongo ilipotoka, daktari aliiweka mbele ya taa. Ndani yake mlikuwa na madoa meupe, kama unga uliomwagika juu ya meza nyeusi.

"Mishipa ya damu ya ubongoni mingine ni myembamba kuliko uzi," alisema. "Presha ikiipiga mwaka baada ya mwaka, inakakamaa, na mingine inaziba kimyakimya bila mtu kuanguka. Mnaona madoa haya? Hapa damu haikufika ilivyopaswa."

"Na usingizi?" Mama aliuliza. "Huyu halali, daktari. Hajawahi kulala."

"Usingizi mzito ndio wakati ambao ubongo unaondoa taka za kazi yake ya mchana. Mtu asipolala vya kutosha, au pumzi ikimkatikia usingizini, taka zinarundikana, na presha nayo inapanda. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Lakini vitu hivi viwili vikikaa pamoja kwa muda mrefu, mara nyingi ndivyo vinavyotufikisha hapa."

"Kilichopotea kitarudi?"

Daktari aliishusha ile picha. "Hapana, Mama. Tunalinda kilichobaki."

Aliwaandikia dawa za kila siku, na kifaa cha kuvaa puani wakati wa kulala ili pumzi isikatike. Kisha akasema neno lililomfanya Jogoo anyanyuke kitini: alale usiku, kila usiku.

"Na mkate ataoka nani? Wewe?"

"Mimi nitauunguza, Baba."

"Afadhali umesema mwenyewe."

Mama alirudi nyumbani na maneno mawili tu kichwani: tunalinda kilichobaki. Aliyageuza akipika, aliyageuza akifagia. Maana kilichobaki kwa mumewe kilikuwa wapi, kama si kwenye karai la kukandia? Mezani alisahau kijiko ni cha nini, lakini akitia mikono kwenye unga, vidole vilijua kila kitu. Kumlaza usiku kulimaanisha kumwondoa kazini. Kumwacha kazini kulimaanisha kumtazama akiisha.

Wifi yake, dada mkubwa wa Jogoo, alikuja siku hiyohiyo, akakaa bila kungoja kukaribishwa.

"Wifi, nimesikia mnataka kumlaza mdogo wangu kama mtoto mchanga."

"Daktari ndiye aliyesema, wifi."

"Daktari hajui kukanda. Mkimtoa kwenye karai mtakuwa mmemzika anapumua."

"Na nikimwacha?"

Wifi aliinuka, akaaga bila kunywa chai. Hilo halikuwa kawaida yake.

Binti ndiye aliyepata njia. "Kwani nani aliandika kwamba mkate lazima uokwe usiku?" aliuliza. "Tuoke mchana. Tuuze jioni, watu wakitoka kazini. Baba alale, aamke, akande jua likiwaka."

Fundi viatu alilalamika kuliko wote. "Sasa chai ya asubuhi niinywe na nini, Mama? Na soli?"

"Nunua jioni, ule asubuhi."

"Mkate wa jana!"

"Soli zako za mwaka juzi, na bado unawauzia watu."

Baadhi ya wateja walihama. Waliobaki walizoea, na akina mama waliotoka kazini wakaanza kupanga foleni kwa ajili ya mkate wa moto. Jogoo alilalamika juu ya kile kifaa, akajiita punda aliyetiwa hatamu, lakini alikivaa. Alilala. Mama alilala kando yake, akisikia pumzi inayokwenda na kurudi bila kukatika, na aliona haya kwa furaha aliyokuwa nayo, mwanamke wa umri wake. Uvimbe wa chini ya macho ya mumewe ulipungua. Presha ilishuka. Alianza tena kumaliza hadithi alizozianza.

Katika nyumba hiyo hawakununua hamira. Kila siku, kabla ya kugawa unga ulioumuka, mwokaji alikata donge moja la ukubwa wa ngumi, akaliweka kwenye bakuli la udongo lenye kifuniko, likawa chachu ya kuumua unga wa kesho. Donge la leo lilitokana na la jana, na la jana na la juzi, hadi kwa mama yake Jogoo, ambaye naye alilikuta kwa mama yake. Halikutoka nje ya nyumba, hakuazimwa mtu, na hakuna aliyelikata isipokuwa mwokaji mwenyewe. "Siku yako itafika," Jogoo alimwambia binti yake kila alipomwona akikitazama kisu kifupi cha kulikatia.

Mwanzoni, walipohamia mchana, binti alikuwa akimkumbusha: "Baba, donge." Jogoo aliudhika. "Unanifundisha kazi ya mama yangu?" Binti akaacha kusema, akabaki kuangalia tu kwa pembe ya jicho, na baba yake hakukosea.

Siku alipokosea, Mama alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Mbele ya duka wateja wawili walianza kugombania mkate wa jana uliobaki, na binti akaitwa kuamua. Kutoka pale kaunta alimwona baba yake ameinua uso kuelekea kidirisha kidogo kilichokuwa juu ya karai. Aliinama, akakanda, akainua uso tena. Binti alidhani anatazama ndege. Kisha ugomvi ukamshughulisha, na aliporudi mikate yote ilikuwa tanurini, karai limesuguliwa kwa maji ya moto na bakuli la udongo limeoshwa na kufunikwa, kwa kuwa Jogoo alikuwa mtu msafi. Binti alimwona akipanga taulo huku akiimba, akaamini kwamba donge limekwishawekwa mahali pake.

Kesho yake Jogoo alifunua bakuli.

"Donge liko wapi?"

Alifunua tena, kama mtu anayetumaini kwamba mara ya kwanza hakutazama vizuri.

"Nani ameoka donge? Donge la mama yangu, nani ameliweka tanurini?"

Mama alimwona akiwatazama kwa zamu, na akaona hofu ikimwingia usoni polepole, hofu ya mtu anayeanza kujishuku mwenyewe. Kabla Mama hajapata neno, binti alisogea mbele.

"Ni mimi, Baba. Niligawa unga wote, nikasahau."

Hofu ilimtoka Jogoo usoni. Mahali pake pakaja kitu kingine. Aliketi juu ya gunia la unga, akalia kwa sauti kama alivyolia siku walipomzika mama yake. Kisha akajifuta kwa aproni, akanyoosha kidole.

"Toka kwenye karai langu."

Mama alimfuata binti uani. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Daktari alisema tulinde kilichobaki." Binti alikuwa akikung'uta unga mikononi. "Kilichobaki ni kwamba yeye ni mwokaji mzuri, Mama. Hilo nimwondolee mimi?"

Mama aliingia ndani, akasimama mbele ya karai, mahali pa mumewe, akainua uso vile binti alivyomweleza kwamba baba yake alifanya siku ile. Alikiona kidirisha kimejaa mwanga. Ndipo akakumbuka zile alfajiri alizokuwa akimletea chai: jinsi Jogoo alivyokuwa akitazama juu, akaona weusi wa kioo umegeuka rangi ya jivu, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kisu. Hakuwahi kulisema hilo; huenda hata mwenyewe hakulijua. Mapambazuko ndiyo yaliyokuwa yakimkumbusha kukata donge, na mchana hauna mapambazuko. Wiki zile za mwanzo mazoea yalimbeba, mpaka yalipochoka. Mama alikuwa amemrudishia usingizi wake, na kwa mkono huohuo akamnyang'anya alama yake. Alishika ukingo wa karai, akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Walijaribu. Walichanganya unga na maji, wakafunika, wakangoja. Kilichopatikana kilikuwa kichungu na kizito, na Jogoo alikitema. Mwishowe Mama alinunua hamira dukani. Mikate iliumuka vizuri sana. Jogoo alionja, akatafuna taratibu.

"Mzuri," alisema. "Wa nani?"

Tangu siku hiyo binti aliuza tu. Jogoo alisahau sura ya daktari, alisahau kwamba dada yake ana wajukuu, alisahau kama amekula. Kosa la binti yake halikusahaulika. Kila asubuhi alimsalimia kwa neno lilelile: "Wewe ndiye uliyeoka donge la mama yangu." Aliwaambia hata wateja wasimruhusu aguse unga.

"Jogoo, msamehe mtoto," fundi viatu alimwambia. "Hata mimi nimewahi kushona viatu viwili vya mguu mmoja."

"Viatu havina mama," Jogoo alijibu.

Usiku Mama alitaka kumwambia ukweli. Binti alimkatalia kila mara. "Akinilaumu kila asubuhi, Mama, ujue bado ananijua mimi ni nani."

Hospitali daktari aliridhika na presha, akaridhika na usingizi. Alisema hali ingekuwa mbaya zaidi na mapema zaidi bila hivyo, na Mama alimwamini. Lakini picha mpya ilikuwa na madoa ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo.

Kisha ikafika jioni ambayo binti, aliyekuwa ametumwa sokoni, aliingia kwa mlango wa mbele wa duka. Jogoo alikuwa nyuma ya kaunta. Alimwona, akasimama, akapangusa mikono, akatabasamu tabasamu ambalo halikuonekana tangu donge lipotee.

"Karibu, mwanangu! Karibu sana."

Kikapu kilimponyoka binti. Mama, aliyekuwa akipanga mikate, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Baba? Umenisamehe?"

"Kwani umenikosea nini?" Jogoo alicheka kwa upole, kama alivyocheka na wateja wote vijana. "Huyu naye! Wewe ni binti wa nani, mwanangu? Nikupe mkate gani?"

Binti alitazama chini. Viazi vilikuwa vimetawanyika miguuni mwake.

"Wa hapa jirani," alisema. "Nipe wowote, Baba."

Jogoo alimchagulia ulioiva vizuri, akaufunga kwenye karatasi. Binti aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Kupitia mlangoni Mama alimwona amesimama kando ya barabara, ameukumbatia mkate ule wa moto, watu wakimpita.

"Binti mzuri yule," Jogoo alisema. "Umeiona mikono yake? Mikono ya mwokaji kabisa. Mimi sina mtu wa kumfundisha kazi hii. Hebu muulize kama anatafuta kazi."

Mama alitoka akamwita. Binti alijifuta uso kwa ukingo wa kanga, akaingia. Jogoo alikuwa tayari ameshika aproni, akamvisha, akamfungia mgongoni kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumtisha mgeni. Akamwongoza hadi kwenye karai.

"Usiogope," alimwambia. "Kwanza nawa mikono."