Rangi ya Baba Yake

Mshonaji alimwahidi bintiye jambo moja, na ahadi ni deni: picha ya baba ikitoka kwa fundi, wangeitundika sebuleni, na maneno ya shuleni yangekwisha.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Mama ni maji ya kunde, bibi mzaa mama ni mweupe wa kujivunia, na binti ni mweusi ti. Baba alifariki mtoto angali mgongoni. Basi wenzake darasani, ambao midomo yao haina pazia, walimwita Masizi, wakamwambia aliokotwa. Binti hakulia. Alirudi nyumbani akauliza kwa utulivu, kama anayeuliza chakula kimeiva, aliokotewa wapi.

"Hukuokotwa," mama alimwambia. "Rangi hiyo umepewa na baba yako. Subiri picha, utajiona mwenyewe."

Ilikuwa picha pekee iliyobaki, na unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo cha fremu. Mshonaji aliogopa kuibandua kwa mikono yake, akaipeleka studio.

Siku ya kuichukua, alipofunua karatasi alidhani amepewa mume wa mtu. Pua ilikuwa yenyewe, na lile tabasamu la upande mmoja. Lakini mtu alikuwa mweupe kama wajomba wa mshonaji waliosusia harusi yao.

"Nimemng'arisha kidogo, dada," fundi picha alisema kwa furaha. "Hiyo sikuchaji."

"Nirudishie ile ya zamani."

Fundi akaacha kutabasamu. Ile ya zamani, alieleza, ilikuwa imechanika alipoibandua. Uso wote ulibaki kwenye kioo. Bahati nzuri alikuwa ameipiga picha kabla ya kuibandua, akaitengeneza kwenye kompyuta.

"Basi nipe hiyo kabla hujaitengeneza."

"Nilihifadhi hii juu yake, ile ikafutika." Alikuna kichwa. "Zamani nilikuwa nawatoa watu kama walivyo, dada. Wakawa wananirudishia picha, bibi harusi mmoja hata alilia. Sasa mkono unaenda wenyewe."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma mshonaji. Hata wa kumgombeza hakuwepo. Walikaa pamoja mbele ya kompyuta kutafuta weusi wa marehemu. Fundi akaongeza kivuli, mume akatoka wa kijivu kama aliyepakwa majivu. Akaongeza tena, macho yakapotea.

"Alikuwa hivi?"

"Hapana."

"Hivi je?"

Mshonaji akatoa simu amwonyeshe picha ya binti, aige rangi hiyo. Wakatazama wote wawili. Simu nayo ilikuwa imemng'arisha mtoto, bila kumuuliza mtu.

Kadiri alivyoulizwa, ndivyo mshonaji alivyozidi kutokuwa na hakika. Mikono ya mumewe aliikumbuka, na shingo yake alipotoka kuoga. Lakini rangi hasa ilianza kumponyoka palepale kwenye kiti. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaifunga ile picha nyeupe, akaondoka nayo, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Nyumbani, bibi aliipokea mlangoni. Huyu ndiye aliyewahi kumwambia mshonaji, "Olewa naye, uzae makaa." Tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja marehemu kwa jina wala kumwita mkwe. Sasa aliishika picha kwa mikono miwili, akaielekeza dirishani.

"Mkwe wangu," alisema. "Kumbe alikuwa kijana mzuri hivi."

Mshonaji alitaka kuipokonya, lakini binti alikuwa ameshasogea. Alimtazama baba yake muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake kando ya ule uso, ngozi kwa ngozi, akapima.

"Mama, si ulisema tunafanana rangi?"

"Mnafanana, mwanangu. Fundi ameiharibu."

"Ameharibu nini?" bibi akadakia. "Mtu ametengenezwa, wewe unasema ameharibiwa. Leteni msumari."

Mshonaji alifungua kinywa aseme jinsi alivyokuwa mweusi, na jinsi alivyompendea weusi huohuo. Hata angesema, picha ilikuwa kubwa kuliko maneno yake.

Binti aliushusha mkono, akaufuta kwenye gauni, kisha akamgeukia bibi.

"Na mimi fundi akinipiga picha, nitatoka hivi?"

"Tena zaidi," bibi alisema, akambusu utosini.