Hisa za Mwalimu Wambura

Siku kampuni ilipotangaza kwamba itakata asilimia tatu ya mshahara wa kila mfanyakazi iwe akiba yake ya uzeeni, Mwalimu Dunstan Wambura alipanda juu ya kreti ya sabuni katika chumba cha kufulia akahutubia. Wasikilizaji wake walikuwa watano: wafuaji watatu, mpishi mmoja, na Sikujua, mhudumu wa wazee kutoka Uvira, aliyekuja kuchukua mashuka safi akanaswa na maneno. Mashine za kukaushia zilikuwa zikinguruma, kwa hiyo ilimbidi Mwalimu apaze sauti, jambo ambalo halijapata kumsumbua maishani.

"Fedha yenu itakwenda kwa mabwanyenye, wakaichezee kamari," alisema. "Wakishinda, wanakula wao. Wakishindwa, mnalala njaa ninyi. Ubepari ni unyama, ndugu zangu! Mimi sikatwi hata senti."

Wakampigia makofi. Sikujua alipiga kuliko wote, kisha akabeba mashuka yake akaenda zake, maana ghorofa ya pili wazee walikuwa wanaita.

Mwalimu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Huko Tarime alikuwa amefundisha somo la siasa miaka kumi na mmoja, mpaka somo lenyewe lilipofutwa kwenye ratiba. Azimio la ujamaa lilipozikwa kimyakimya na wakubwa, yeye hakwenda mazishini. Alimpa bintiye jina hilo. Binti mwenyewe alipofika Marekani alijiita Audrey, akasoma chuo cha College Park, akapata kazi ya ofisini, na baba alipoibuka na viza ya bahati nasibu akiwa na miaka hamsini na sita, akampokea katika nyumba yake ya kupanga, ghorofani, ngazi kumi na nne kutoka ardhini. Kazi aliyoipata msomi wetu ilikuwa ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee mjini Columbia. Hakulalamika. Alisema mfanyakazi ni mfanyakazi popote alipo.

Tatizo ni kwamba hotuba si fomu. Asiyetaka kukatwa alitakiwa kujaza karatasi moja ndani ya siku thelathini, na Mwalimu, kama wengi waliolelewa na mikutano ya hadhara, aliamini kwamba jambo likishapingwa kwa sauti kubwa limekwisha kupingwa. Siku thelathini zikapita. Akakatwa.

Alipogundua alifoka wiki nzima. Akamwamuru Audrey amtoe. Audrey, ambaye alielewa Kiswahili chote lakini alikuwa na uvivu wa kukisema, akamjibu bila kuinua macho, "Baba, just leave it. They match it. It's free money." Mwalimu akasema hakuna kampuni inayomwongezea mtu kiasi kile kile anachokatwa bila sababu, wala hakuna fedha ya bure duniani, akanuna, akasahau.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Jumapili moja baada ya kanisa, Audrey alimwonyesha kwenye simu. Kulikuwa na alichoweka yeye, na walichoongeza wao, na juu ya hapo kulikuwa na kitu cha tatu.

"Hii nyongeza imetoka wapi?"

"The market."

"Nani kaifanyia kazi?"

"Nobody, Baba. That's the point."

Mwalimu akamwomba amwekee programu hiyo kwenye simu yake.

Tusimwonee. Pensheni yake ya ualimu aliifuatilia miaka sita, akilala kwenye mabenchi ya ofisi za serikali ile ile aliyowafundisha watoto kuipenda, na kila mara aliambiwa faili halionekani. Halijaonekana mpaka leo. Sasa kampuni ya kutunza akiba, ya mabepari aliowatukana tangu ujana wake, ilikuwa inamwandikia kila baada ya miezi mitatu, inalitaja jina lake bila kukosea hata herufi, na inamweleza kitu chake kilipo. Mzee alikuwa ametamani kutendewa hivyo maisha yake yote. Ilimuuma kwamba aliyemtendea ni yule adui, na yale maumivu yalipoisha, alimpenda.

Akaanza kuamka na simu. Neno 'wanyonyaji' likapungua kinywani mwake, likaja 'wawekezaji'. Kanisani Landover, watu walipolalamikia bei ya dawa, alisimama kueleza kwamba bei ni lugha ya soko na serikali isipende kuingilia mazungumzo ya watu. Walidhani anatania. Kazini akawa anazima taa za ukumbini zisizo na mtu chini yake. Akimwona mfuaji mwenzake ameegemea ukuta, alijikuta anapiga hesabu ya dakika zile zinamgharimu nani.

Siku moja, akipekua orodha ya kampuni ambazo mfuko wake wa akiba umenunua hisa, alishuka chini kabisa, baada ya kampuni za simu na za mafuta, akakuta jina la kampuni inayomiliki nyumba yao ya wazee. Alilisoma mara mbili, akaenda na simu jikoni.

"Azimio, njoo uone. Mimi ni mmoja wa wenye nyumba."

Audrey alitazama akacheka. "Baba, it's like twelve dollars."

Dola kumi na mbili ni bei ya kuku mmoja aliyekwisha kuchomwa, tena katika duka la kawaida. Mwalimu alijua hivyo, wala hakuwa mjinga wa hesabu. Lakini kesho yake alipoingia kazini aliutazama mlango wa mbele kwa macho mengine. Mwezi uliofuata magazeti yalipoandika kwamba nyumba za kampuni hiyo katika majimbo matatu zimeshtakiwa kwa upungufu wa wahudumu, na hisa zikaporomoka, alihisi ameibiwa. Aliwatafuta wezi akilini, na waliomjia hawakuwa wakurugenzi. Walikuwa ni wale walioshtaki.

Mwezi wa pili, asubuhi yenye theluji, Sikujua alipangiwa ukumbi mzima peke yake. Katika wazee wake kulikuwa na Bwana Wayne, mwili wa jitu, ambaye kwa sheria ya nyumba alitakiwa kunyanyuliwa na watu wawili kwa mashine. Bwana Wayne alikuwa amejichafua, analia kwa aibu na anajaribu kujitupa kutoka kitandani. Sikujua aliita msaada kwenye redio ya mkononi. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. Mwalimu alikuwa mlangoni na kigari cha mashuka, anasikia kila neno, na wafuaji hawaruhusiwi kumgusa mgonjwa. Hakuna aliyekuja. Mzee alianza kuteleza, Sikujua akamdaka, akamkinga na mgongo wake mpaka alipomfikisha chini salama. Bwana Wayne hakupata hata mchubuko. Sikujua hakuweza kusimama tena.

Mwalimu ndiye aliyepiga magoti kando yake pale sakafuni. "Nimeona," alimwambia. "Nimesikia mara zote tatu. Nitasema."

Nina hakika wakati ule alimaanisha.

Siku nne baadaye aliitwa na Laurence, msimamizi wa nyumba. Laurence alimweleza mambo wazi kabisa. Sikujua anashtakiwa kwamba alimnyanyua mgonjwa peke yake kinyume cha sheria. Ikiwa hakuita msaada, atafukuzwa, na jina lake litapelekwa kwenye bodi, wamnyang'anye cheti cha uhudumu. Ikiwa aliita, kosa si lake. Redio za nyumba hazihifadhi sauti. Wenye redio wanasema hawakusikia, na Bwana Wayne hakumbuki. Shahidi ni mmoja.

"Hakuna atakayekugusa kwa utakalosema," Laurence aliendelea. "Na nikwambie ukweli, Mwalimu. Ukiandika kwamba aliita na hakukuwa na mtu, karatasi hiyo nitaipeleka makao makuu. Mwaka wa pili huu naomba nyongeza ya wahudumu wananikatalia. Nahitaji kitu cha kuwaonyesha."

Alikuwa amemfungulia mlango, akasimama kando ampishe. Alikuwa anangoja hotuba. Nyumba nzima ilijua Mwalimu hajawahi kupewa nafasi ya kusema akainyamazia. Naye Mwalimu aliiona hotuba yote mbele yake, tangu salamu mpaka makofi. Aliona pia karatasi ikifika makao makuu, ikitoka makao makuu kwenda mahakamani, ikitoka mahakamani kwenda magazetini. Aliona mhudumu wa pili kila ukumbi, kila zamu, kila nyumba, nchi nzima, na mishahara yao wote. Hakuogopa. Aliona tu kwamba ni hasara, na kwamba ingemhusu.

"Alisema kitu kwenye redio," akajibu. "Siwezi kuapa kwamba aliita msaada."

"Mara ngapi?"

"Siwezi kuapa."

Laurence aliweka kalamu mezani. "Angeweza kungoja?"

"Kila mtu huchagua mwenyewe," alisema Mwalimu, "na huvuna alichochagua."

Akaweka saini yake, kwa ule mwandiko mzuri wa ualimu. Akarudi kwenye mashuka yake, na mchana huo alikula akashiba.

Sikujua alifukuzwa wiki hiyo hiyo, na bodi ikamfungia cheti. Kanisani hakuonekana. Watu walimchangia mara moja, halafu mara ya pili kidogo zaidi, kisha wakachoka, maana kila mtu ana yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, asubuhi, Mwalimu alisikia mtu anapanda ngazi za nje. Alipanda moja, akapumzika, akapanda nyingine. Ilichukua muda mrefu hata Audrey akatoka jikoni kuchungulia. Alikuwa Sikujua, amejifunga kitambaa kipana kiunoni, uso umelowa jasho. Audrey alimkaribisha kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akaenda kuteleka chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Sikujua. Karibu. Unaendeleaje?"

"Niko tu. Sikukuja kugombana. Niko na swali moja, nikishapata jibu nitaenda." Alivuta pumzi. "Walikupatia nini?"

"Akina nani?"

"Bapatron, bakubwa ba kazi. Walikupatia makuta ngapi? Ao walikuogopesha na mambo ya karatasi zako?"

"Hawakunipa hata senti. Wala hawakunitisha."

"Sema tu, Mwalimu. Kama walikupatia makuta, miye niko na watoto, nitaelewa. Kama walikuogopesha, miye ni mukimbizi, hiyo nitaelewa zaidi. Usiku silali juu ya hii. Unipatie kintu nielewe."

"Hakuna, mama. Nakuapia."

Sikujua alikuwa amepanda ngazi kumi na nne kuja kumsamehe, na msamaha wake ulikuwa umekosa pa kukaa.

"Basi, ni kwa nini?"

Hapo Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama alivyokuwa akieleza mbele ya ubao. Kwamba kampuni si wale wakubwa tu. Kampuni ni sisi sote tulioweka akiba humo. Kwamba kesi hushusha hisa, na hisa zikishuka anayeumia ni mfanyakazi mzee. Kwamba hakuwa na ugomvi naye. "Hata wewe una fungu lako humo," alimalizia. "Kwa kweli nilikuwa nakulinda na wewe."

"Nilikuwaka nalo," Sikujua akasema. "Nilitoa yote mwezi ule mwingine. Nililipa nyumba."

Mwalimu alisimama. "Umetoa? Yote?"

"Yote."

"Kabla ya umri? Si wamekukata kodi, na faini juu yake?"

"Walikata."

"Lo, Mama Sikujua!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. Tangu mwezi wa pili ile ndiyo mara ya kwanza alipomwonea huruma ya kweli. "Ungengoja kidogo! Mwezi huu limepanda!"

Jikoni, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kilinyamaza. Sikujua alishika mikono ya kiti akajaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.

"Nipe mukono, Mwalimu. Kushuka njo kunanisumbua."

Akampa. Walishuka pamoja, yeye akitangulia ngazi moja, Sikujua akimwegemea begani kwa uzito wake wote. Kila ngazi mwanamke alikuwa akiuma meno. Mwalimu alikuwa anangoja atukanwe. Alikuwa tayari, na moyoni alijua angefarijika. Walifika chini hajatukanwa.

"Ulisema limepanda ngapi?" Sikujua akauliza.

"Asilimia nne nukta mbili." Alijibu upesi, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Ni mingi?"

"Kwa mwezi mmoja? Ni nyingi sana."

Sikujua alitikisa kichwa polepole, akitazama barabarani, midomo ikichezacheza kama anayepiga hesabu. "Aksanti," akasema. "Mungu akulinde."

Akaenda kuelekea kituo cha basi, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa bado yuko mbali nacho basi lilipompita. Hakupunga mkono wala hakujaribu kuharakisha. Alifika kituoni, akalitazama benchi, akaliacha, akasimama kungoja jingine, na Mwalimu naye akasimama pale chini ya ngazi, akimtazama, mpaka Audrey alipomwita mara mbili kwamba chai inapoa.