Fundo Lisiloshika

Masese aliubana uzi kwa meno, akauzungusha mara mbili kwa mkono wa kushoto, kisha akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fundo likakaa kwenye pembe ya gunia, dogo, gumu kama punje ya hindi. Mkono wa kulia ulikuwa na kidole gumba tu. Vile vinne vilibaki kwenye mashine ya kusaga miwa.

Mwalimu Cephas hakuinama kulitazama.

"Halishiki," alisema, akaandika kwenye fomu.

"Livute basi, mwalimu."

"Ndugu yangu, mambo haya nimeyasomea. Rudia muhula mwingine."

Huo ulikuwa muhula wake wa nne katika kituo cha Homa Bay cha kuwafunza kazi upya walioumia kiwandani. Kiwanda cha sukari kilimwahidi kwa maandishi: akifaulu, atarudi kazini, katika chumba cha kushonea magunia. Akiacha kabla ya kufaulu, atahesabiwa ameikataa kazi mwenyewe. Na mwanafunzi halipwi.

Kila Ijumaa lori lilikuja kubeba magunia waliyoyashona. Yameharibika, waliambiwa, yanakwenda kuchomwa. Masese hakuwahi kuona moshi. Wala hakuelewa kwa nini takataka zifungwe hamsini hamsini, halafu zifunikwe turubai zisinyeshewe.

Wakati wa likizo alikwenda kwake Migori. Nje ya duka la Mellen, wapakuzi walikuwa wakitupa chini magunia ya sukari kutoka kwenye lori. Masese aliinamia moja, akapapasa pembe ya chini. Punje ya hindi.

"Unatafuta nini huko, baba Osoro?" Mellen aliuliza. "Kama ni sukari iliyomwagika, kuku wamekutangulia."

"Ndiyo hiyo ninayotafuta. Siioni." Aliinuka. "Magunia haya yanashonwa wapi?"

"Si huko unakosomea, Homa Bay? Dada yangu Nyatichi alikuwa akishona kiwandani. Mwezi wa tatu wakafunga chumba, wakawatoa wote. Wakaambiwa kuna watu wanashona bure."

"Chumba kimefungwa?"

"Kufuli nimeliona kwa macho yangu."

Masese aliketi juu ya gunia. Lilikuwa limejaa, likambeba. Kisha akamwomba Mellen lingine lililokwisha kumwagwa sukari, lenye pembe kama hiyo.

Jumatatu alilitandaza juu ya meza ya mwalimu. Nyuma yake sindano kumi na nne za wenzake zilisimama.

"Hili limebeba kilo hamsini kutoka kiwandani hadi Migori, mwalimu. Fundo ni langu."

Cephas aliangalia mlango kwanza. "Umelitoa wapi? Hii ni mali ya kampuni."

"Mlisema mnayachoma."

"Nimekuuliza umelitoa wapi."

"Dukani. Na chumba cha magunia kina kufuli tangu mwezi wa tatu."

"Hayo ya vyumba hayako kwenye mtihani."

"Basi tufanye mtihani. Livute."

Cephas alivuta. Akalikanyaga gunia, akavuta tena kwa mikono yote miwili mpaka jasho likamtoka puani. Mtu mmoja nyuma alikohoa, na kile kikohozi kilikuwa karibu na kicheko.

Mwalimu akafungua droo, akatoa wembe, akakata uzi chini kidogo ya fundo. Pembe ikaachia. Sukari iliyokuwa imenasa ndani ikamwagika juu ya fomu.

"Umeona?" alisema. "Halishiki."

Akaipangusa fomu kwa kiganja, akaandika muhula wa tano.