Visu Viwili vya Papa Hemedi

Hakuna aliyemtuma Papa Hemedi, mkata majani wa kiwanja cha mpira, aifungie mashine yake visu viwili, kimoja juu ya kingine, vikipishana. Alikata mpaka majani yakawa laini kama unga wa muhogo wa kupikia fufu, naye akavimba kichwa.

Karima, mkewe, akaja na gunia, kama kawaida yake, kuwazolea mbuzi wao majani. Akapapasa chini, hakupata hata konzi. Akamgeukia baba wa mtoto wao Leila:

"Papa Leila, leo mbuzi wakule fufu?"

"Mama, mashine sasa iko na meno juu na chini!"

"Bon. Mbuzi iko na meno ya mbele chini tu, na kila siku inakata majani bila shida."

Jibu la Hemedi likawa spana: akakifungua kisu cha juu.